Mama Rimoti Hakuuza

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Rimoti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika nyumba za reli nyuma ya stesheni, mtoto wa nne wa mpiga chapa na mshonaji. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha akaingia chuo cha ufundi, darasa la redio, msichana pekee. Walimwambia ahamie ushonaji. Hakuhama.

Mwaka 1986 alifungua kibanda mkabala na soko. Alianza na redio, akaishia kwenye rimoti. Alizifungua bila kuvunja kifuniko, akabadilisha aisii, kile kidude cheusi kinachogeuza kubonyeza kwako kuwa mwanga usioonekana kwa macho. Miaka ya karibuni, mteja akisema rimoti imekufa, Mama aliilekeza kwenye kamera ya simu na kubonyeza. Ikimulika humo, ni nzima, akaikague televisheni yake. "Usinizikie kitu kizima!" alifoka.

Alifunga ndoa Agosti 1990. Marehemu Baba alikuwa mteja aliyeleta rimoti ileile kila wiki, mpaka Mama akamwambia, "Hii haina ugonjwa. Labda wewe."

Januari mwaka huu kiharusi kilimnyang'anya sauti na upande wa kulia. Baba mdogo, ambaye yupo hapa na ananisikia, alisimama kando ya kitanda akasema, "Shemeji ndiyo basi tena. Kibanda tukiuze."

Mimi, binti yake mkubwa, nilimwekea Mama rimoti mkono wa kushoto. Kidole gumba hakikuonekana kusogea.

"Anatetemeka tu huyo," alisema Baba mdogo.

Nikawasha kamera ya simu, nikaielekeza kwenye rimoti. "Mama, tuuze? Mara moja ndiyo, mbili hapana."

Taa ikamulika kwenye kioo cha simu. Ikazimika. Ikamulika tena. Nikamwita daktari, nikauliza upya mbele yake. Hapana ileile. Nililia kwa furaha na kwa hasira.

Tangu hapo tuliongea naye hivyo, na alitugombeza sana.

Alifariki Alhamisi asubuhi, tarehe 6 Juni 2024. Niliishika simu muda mrefu mbele ya rimoti mkononi mwake. Safari hii haikumulika, na ndipo nilipokubali.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, shemeji mmoja, na kibanda kitakachofunguliwa Jumatatu.

Mama, pumzika kwa amani. Hatuuzi.