Maziwa Yenye Nilificha

Bandugu zangu, sifa yote ni ya Yesu, apokee sifa yake mbele mi sijafungua mudomo yangu. Mi njo Ndaya, muke wa Tata Kasongo, tunakaa Musonoi. Bengi mu hii kanisa munanijua juu ya kazi ya maombezi. Mutu akiwa na shida, balikuwa banamuleta kwangu. Na nilikuwa na mudomo. Basi nitaanza na hiyo mudomo, hata kama naona haya.

Iko mama mumoja, Mama Kabedi. Alikuja ku kikundi yetu ya maombi juu hakuzaa. Akatuambia kwa sauti ya chini kama mwezi wake haionekane tena, na maziwa inamutoka ku matiti, naye hana mutoto. Mi sikumuuliza hata swali moja. Nilisema mbele ya bamama bote: "Huyu iko na bwana wa usiku, pepo mwenye kumuoa mu ndoto. Alishamuzalia batoto kule, na njo bale ananyonyesha." Bamama bakashika bichwa. Tukamufungisha siku tatu bila kula. Toka siku ile hakuna mama alikubali kumupa mutoto wake abebe, hata kidogo. Akapunguza kuja, kisha akaacha.

Mwaka haikuisha. Asubuhi moja nilikuwa nasonga bukari, nikaona blausi yangu imelowana mbele. Nikazani ni maji ya sufuria. Nikaenda mu chumba, nikakamua kidogo, nikaona maziwa. Nilikaa chini, bukari ikaungua ku jiko.

Nani nitamwambia, bandugu? Ile neno banaweza kunisemea, nilishaisema mi mwenyewe. Nikakata kikwembe ya zamani bitambaa bitambaa, nikawa nakunja na kuweka ndani ya sutie yenye kushika matiti. Nilikuwa nafua peke yangu, na kuanika nyuma ya kitanda, hapana ku kamba ya inje. Miaka tatu. Nilifunga kwa siri, nilijikemea kwa jina la Yesu, nilijipaka mafuta. Ku maombezi nilizidi kupiga kelele juu batu basinizanie kitu.

Mwezi wangu nayo ikapotea. Ku ndoa yetu mutoto hakuna, na dada mukubwa wa bwana yangu alishaanza kumutafutia muke mwengine kule Sandoa. Alikuwa anasema wazi, mbele yangu, nikimuandalia chai. Tata Kasongo hakumukataza. Anaendesha kamio ku mugodi, anarudia amechoka, na mi nilikuwa namugeuzia mugongo asinigusie kifua. Akazani simutake tena.

Sasa muone Mungu namna alinishika. Alinishika ku ile ile kitu nilikuwa najivunia, sauti. Sauti yangu ikakuwa nzito kama ya mwanaume, mupaka nikashindwa kuongoza maombi. Nikaenda ku dispanseri kutafuta dawa ya koo, ya koo tu. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua inachoma, na mi nimevaa jakete ya kazi ya bwana yangu juu ya baridi.

Kule kulikuwa infirmiere mumoja, muuguzi wa pale, mama wa makamo, mupole. Akaniangalia. Akasema, "Mama, unasikia baridi mu hii jua?" Akanishika shingo na bidole biwili. Akauliza kama nachoka, kama nywele inanguka, kama naona mwezi. Kisha akauliza, "Na maziwa, inatokaka?"

Aliuliza vile mutu anauliza kama unakohoa. Nikalia, bandugu. Miaka tatu sikupata mutu wa kuniuliza, na mi mwenyewe sikumuuliza Mama Kabedi.

Balipima damu yangu, bakanituma kwa dokta. Akanieleza pole pole. Ku shingo yetu iko kiungo kidogo kinatoa homoni, na hiyo homoni inaongoza nguvu na joto ya mwili. Yangu ilikuwa imelegea. Ikilegea, kiungo kingine chini ya bongo kinahangaika, kinatoa homoni ya maziwa kupita kipimo. Akasema, "Mwili wako unazani ulishazaa na unanyonyesha. Njo maana unafunga njia, yai haitoke, mwezi haionekane." Si sote tunajua mama mwenye kunyonyesha anakawia kuona mwezi? Nilikuwa najua ile tangu butoto, lakini siku ile njo nilielewa.

Nikarudia ku nyumba, nikatoa bitambaa byote, nikabiweka mbele ya Tata Kasongo, nikamwambia yote. Nilingojea aseme ile neno ya bwana wa usiku. Akaokota kitambaa kimoja. Akasema, "Ndaya, miaka tatu ulikuwa unafua hii peke yako?" Njo ile tu alisema. Keshoye akamupigia dada yake, akamwambia aache mambo ya Sandoa.

Dawa ilikuwa komprime moja kila asubuhi, na maji, mbele ya chai. Nilikuwa naimeza na maombi. Baridi ikaenda. Sauti ikarudia. Maziwa ikapungua mupaka ikakauka, na kisha ya miezi kidogo mwezi wangu ikaonekana, nikafurahi kama mutoto wa kike wa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata nikabeba mimba. Leo mutoto wetu Neema iko na miezi tano, ule pale ku mikono ya baba yake, na maziwa yangu anakunywa yeye.

Bandugu zangu, mumutumainie Mungu, lakini musimufungie mulango wa hopitali. Ile mikono ilinishika shingo, yeye njo aliituma. Na mama mwenye kuficha bitambaa mu hii kanisa, asifiche tena. Anifuate, sitapiga kelele.

Alhamisi nilienda kwa Mama Kabedi. Nilimusemea mubaya mbele ya batu, kwa hiyo nilimuomba aje nimuombe musamaha mbele ya batu, naye akakubali niseme jina yake. Amekaa kule nyuma, karibu na mulango. Mama, nilikukosea. Nilikuita muke wa shetani, na ulikuwa mugonjwa. Sijui kama ugonjwa yako ni ile yangu, maziwa inaweza kutoka juu ya bitu bingi, dokta njo atasema. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa ku mulango yako na tutaenda pamoja.

Lakini leo, mbele ya bale bamama bote balikunyima batoto babo, njoo hapa mbele. Tata Kasongo, mupe Mama Kabedi mutoto abebe.