Foleni Inayong'aa Kando ya Shimo Jeusi

Wewe unayesoma hii, ushawahi kuulizwa swali na mama mwenye kapu la majani chai mgongoni, ukakosa mahali pa kuficha degree? Mimi nimeulizwa. Ilikuwa Jumanne, kwa benchi ya buying centre yetu, pale tunapopimiwa majani chai, upande wa Kiptere, tukingoja lori la kiwanda lililokwama kwa matope tangu saa nne. Tulikuwa watatu na birika moja ya strungi, chai bila maziwa: Nyang'au, tunayemwita BBC kwa sababu redio yake haizimwi, mzee Kipkemboi, yaani Mzee Kilo, adui wa mizani, na mimi, Profesa, BSc Physics na diploma ya ualimu, mwaka wa tatu natarmac, natafuta kazi.

— Wazungu wameona shimo jeusi huko juu, BBC akaanza. Linameza nyota nzima nzima.

— Nani alichimba? Mzee Kilo akauliza.

— Si wao na hizo roketi? BBC akajibu. Walitoboa, sasa wanajifanya wameona.

— Hakuna aliyetoboa, nikasema. Nyota kubwa ikiishiwa na moto, inajiangukia yenyewe. Uzito wote unabanana mahali padogo, hata mwanga hautoki.

— Halafu linashiba?

— Halishibi, mzee. Linakula gesi, vumbi, nyota, hata shimo lingine. Kila likimeza, uzito unapanda na mdomo unapanuka.

— Hiyo naijua. Ni hii mizani ya hapa. Majani yangu ikipanda hapo, inashuka ikiwa kidogo. Na hiyo mizani kila mwaka inanenepa.

BBC hakuwa na habari na mizani.

— Na mwanga ikipita karibu tu?

— Inapinda. Ikikaribia sana, inazungushwa.

— Basi shimo liko hapa Kiptere! Nguzo za stima zilitoka Litein straight. Kufika kwa shamba yangu, zikapinda, zikaenda kwa mheshimiwa. Fundi hawezi kupinda hivyo bila kuvutwa.

Nilitaka kukataa. Nikakosa ushahidi.

— Sasa kitu nyeusi hivyo wanaionaje? Mzee Kilo akauliza.

— Wanaona foleni. Gesi haingii moja kwa moja. Inazunguka kwanza, inasuguana, inashika moto, inang'aa kuliko nyota zote. Halafu inaingia. Kwisha.

— Inang'aa ikingoja kumezwa?

— Ndiyo, mzee.

— Kama wewe siku ya graduation, BBC akasema. Tulichinja mpaka mbuzi.

Mama Chelimo alikuwa amefika na kapu lake katikati ya maneno hayo. Alikuwa hajawahi kuketi nasi. Akaketi ukingoni.

— Chelimo yangu ako form four hapo juu. Tangu January hawana mwalimu ya physics. Kitabu moja, watu saba. Mtihani ni November. Sasa Profesa, wewe unajua hii yote, na shule ni ile pale. Mbona uko hapa?

BBC akazima redio. Mzee Kilo akatikisa birika, tupu. Lori halikuja kutuokoa.

Kwa hivyo nawaambia ninyi mnaoshika kalamu ya kuajiri walimu. Barua zangu tatu za kuomba kazi mmemeza, sawa. Lakini msiniambie tena hakuna kazi: kazi ni watoto arobaini na vitabu sita, naiona kutoka kwa hii benchi. Njooni mmjibu Mama Chelimo kwa mdomo wenu, ama mnipe chaki kabla ya November.