Bi Mashavu wa Taa Nyekundu Aweka Dele Chini

Bi Mashavu Abdalla anastaafu Alhamisi, tarehe 30 Oktoba 2025, baada ya kukitumikia kituo chetu cha tiba ya viungo kwa miaka ishirini na minane, Jeddah kwanza, kisha Riyadh. Walioenda chuo walitaka sana kuandika wasifu huu. Mwenyewe akasema aandike Brayo, dereva wa gari la wagonjwa, kwa sababu hadanganyi sana. Amechagua vizuri. Hata asingenichagua, ningejichagua.

Alizaliwa Jeddah, wazazi wake wakiwa wamehamia huko kutoka Unguja baada ya 1964. Alianza kazi tawi la Al-Nuzha akikunja taulo. Waliokuwepo wanasema haukupita mwaka kabla wagonjwa hawajaanza kuuliza bosi ni daktari au ni yule mama wa taulo. Akasomea usaidizi wa tiba huku analea watoto watatu, akapanda cheo, na tawi la Riyadh lilipopata chumba cha taa, akatumwa yeye kukisimamia. Riyadh hakuipenda hata kidogo. Mji usio na bahari, alisema, utauaminije? Kila akirudi kutoka likizo Jeddah alikuja na sanduku la samaki, na gari likanuka changu wiki nzima. Wagonjwa walidhani ni dawa mpya.

Chumba cha taa kilituchekesha mwanzoni, tusidanganyane. Riyadh jua linakaanga mpaka usukani, halafu mtu anafungwa miwani myeusi amulikwe na taa nyekundu? Bi Mashavu alitueleza taratibu, kama watoto wa chekechea: jua linachoma, taa hii haichomi, na kazi yake ni kutuliza maumivu ya misuli na maungo. Wengine huwasaidia, wengine mafi, hakuna kitu. Hakumwahidi mtu muujiza, na aliyeahidi mbele yake alinyamazishwa kwa jicho.

Halafu akaja Salem. Kijana huyu alikuwa akisoma ng'ambo, akatembea msituni, akaumwa na kupe, akapata ugonjwa wa Lyme. Sisi tuliochunga ng'ombe tulijua kupe ni shida ya ng'ombe, kumbe. Alimaliza dawa zote za hospitali, lakini uchovu ukabaki, magoti yakabaki yanauma, na vidole vikakataa kazi. Daktari wake akampa vidonge vya maumivu, akakubali ajaribu taa pamoja na matibabu, si badala yake.

Shida ya Salem haikuwa magoti peke yake. Baba yake alishafariki, na dada yake, Lina, alikuwa karibu kuposwa. Siku wakwe wanapokuja, anayewamiminia kahawa ni mwana wa nyumba, akiwa amesimama, dele la kahawa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Mkono wa Salem ulikuwa unatetemeka. Akamwambia Lina amtafute binamu, yeye atajifungia chumbani.

Bi Mashavu akaleta dele kutoka nyumbani kwake. Kila Salem akitoka kwenye taa, alipewa amimine kahawa kwa yeyote aliyekaa mapokezi. Huku mgeni akishiba hutikisa finjani, na mwenyeji huacha kumimina. Bi Mashavu alikaa wa kwanza, macho kwenye kiwiko cha kijana, na kabla mkono haujaanza kutetemeka alikuwa ameshatikisa chake. Salem akaacha bila aibu. Wote tukajifunza kutikisa mapema.

Wote isipokuwa Zacharia. Huyu ni mlinzi wetu wa lango, alibeba mizigo Al-Sulay kabla ya kuja kwetu, na kwao kukataa cha mwenyeji ni matusi. Siku aliyoalikwa akanywa. Akamiminiwa, akanywa. Salem hangeweza kuacha, mgeni hajatikisa; Zacharia hangeweza kukataa, mwenyeji bado anamimina. Heshima mbili zikapigana mpaka mkono ukashindwa, na kahawa yote ikaishia kwenye suruali ya sare.

Hakuna aliyecheka. Salem akaweka dele chini, akasema halas: taa basi, vidonge basi, daktari basi. Bi Mashavu alimfuata hadi mlangoni akamwambia, "Taa ukitaka iache, ni mgeni tu. Daktari usimwache, ndiye mwenye nyumba."

Kisha akamgeukia Zacharia. "Zacharia baba, kikombe hutikiswa. Usipotikisa wewe, unamtikisa mwenzio."

Salem aliendelea kwenda hospitali, lakini kwetu hakuonekana. Ni Zacharia aliyemrudisha. Alimvizia Lina alipokuja kuchukua miwani ya kaka yake, akamwomba amlete amimine mara moja tu. Akaletwa. Zacharia akakaa wima kama yuko kanisani, na kabla tone halijatoka kwenye dele akawa anatikisa kikombe kitupu kama njuga. Salem akacheka mpaka ikabidi akae. Juma lililofuata alirudi kwenye taa.

Siku ya posa mimi ndiye niliyempeleka Bi Mashavu kwa kina Salem. Bi Mashavu aliingia upande wa wanawake, mimi nikabanwa mlangoni upande wa wanaume. Salem aliwamiminia wakwe duru ya kwanza yote, ya pili akampa binamu dele na akaketi kama mwenye nyumba. Nikatoka kumpa Bi Mashavu habari kwa madaha yangu yote. Akauliza kitu kimoja tu: "Aliketi mwenyewe, au aliketishwa?" Nikamwambia mwenyewe. Akarudi ndani kula.

Je, ilikuwa taa, dawa, muda au dele? Daktari mwenyewe hajui. Salem bado ana siku za kulala mchana kutwa. Lakini hajifungii tena, na Alhamisi anapanda ndege kuja Jeddah, kwao Bi Mashavu, kwenye hafla ya kumuaga.

Ahsante, Bi Mashavu. Mungu akujalie miguu myepesi, wajukuu watiifu, na samaki asiyehitaji sanduku. Umewamiminia watu vya kutosha. Sasa kaa wewe, tukumiminie sisi, na finjani yako usiitikise upesi.