Sabuni Kwanza, Limau Mwisho

Mwalimu Bernadeta Mashimba anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha kemia, mingi kati yake katika shule yetu hapa Kirumba.

Alianzia Sengerema mwaka 1993. Siku za likizo alivuka kwa kivuko cha Kamanga kuja mjini kutafuta vifaa vya maabara. Safari moja alirudi na bureti, ule mrija mrefu wa kioo wa kupimia asidi, ameuviringishia kitenge. Abiria walidhani ni kifaa cha hospitali, wakampisha kiti. Anakiri kwamba hakuwasahihisha.

Hapa kwetu aliongoza idara ya sayansi, akahangaika mpaka maji ya bomba yakafika maabara, na hakumruhusu mwanafunzi akariri mlinganyo asioweza kuueleza kwa Kiswahili. Somo lake linalokumbukwa zaidi, hata hivyo, lilianza vibaya.

Mwaka 2011, kidato cha tatu, alikuwapo Safia, aliyemsaidia mama yake kuparua samaki kwenye soko la Mwaloni kila asubuhi kabla ya kuja shule. Wenzake walihama dawati lake. Elias, aliyekaa nyuma, alimwita Sangara, na jina likashika. Mwalimu hakumkemea mtu. Alieleza kwamba shombo ya samaki ni besi, kinyume cha asidi. Asidi ya limau huipa hidrojeni, na shombo ikishaungana na hidrojeni hiyo huwa chumvi, na chumvi hairuki hewani. Akampa Safia malimau.

Wiki iliyofuata Safia alimfuata ofisini, akamwamkia, akasema anaacha shule. Limau alinawia palepale Mwaloni. Akifika nyumbani akaoga kwa sabuni, na shombo ikarudi. Sasa Elias alikuwa anamwita Sangara wa Limau. Mama yake hakupinga. Kwenye meza yake ya samaki palikuwa na kazi ya kutosha.

Mwalimu alimwomba siku moja tu. Kesho yake aliingia darasani na ndoo ya samaki, sabuni na malimau, akawataka wote waparue, Elias akiwa wa kwanza. Waliponawa limau, shombo ilikwisha. Waliponawa sabuni, ilirudi kwenye kila mkono.

“Niliwafundisha nusu ya somo,” alisema. “Sabuni ni besi. Inainyang’anya shombo ile hidrojeni, na shombo inabaki huru kuruka. Mmenyuko huu huenda na kurudi, huelemea unakousukumia. Kwa hiyo sabuni kwanza, limau mwisho. Kosa lilikuwa langu, si la Safia.”

Elias alinusa viganja vyake, akauliza kama basi leo darasa zima ni Sangara.

“Zima,” mwalimu alijibu. “Ila wewe hujui hata kuparua.”

Safia ndiye aliyetangulia kucheka. Hakuacha shule. Alimaliza kidato cha nne, na leo ana meza yake Mwaloni. Elias ni mteja wake, bado anaparuliwa samaki wake.

Samaki wa hafla ya kumuaga mwalimu Ijumaa hii wanatoka kwa Safia, na amekataa kulipwa. Wageni wanaombwa wafuate utaratibu kwenye meza ya kunawia: sabuni iko mwanzo, malimau yako mwisho.

Mwalimu Bernadeta, ahsante kwa kurudi darasani siku ile kumalizia nusu iliyobaki. Mungu akujalie afya na mapumziko marefu.