Marehemu Bonar Siahaan na Namba Iliyotudanganya

Ndugu waombolezaji, mimi Saut, mdogo wake marehemu, ndiye niliyepewa karatasi hii niisome.

Kaka yetu Bonar Siahaan alizaliwa hapa Balige tarehe 14 Machi 1957, akasoma hapa hapa hadi 1975, akawa fundi wa mashine za kukoboa mpunga kwa miaka thelathini na minane, fundi hodari lakini mbishi kupindukia, na tarehe 9 Julai 1983 akamwoa Lamria Sitorus, wakajaliwa mtoto mmoja, Parlin, ambaye mwaka 2012 alituletea mkamwana, Tiarma, muuguzi.

Mila yetu mnaijua, baba mkwe na mkamwana hawasemezani, kila neno hupitishwa kwa ukuta, na katika nyumba ile ukuta ulichoka.

Aprili 2022 alianza kukojoa kwa shida na kuumwa mgongo, akapimwa damu kwa ajili ya tezi dume, namba ikatoka ndogo, tukaamini hana saratani, tukachinja nguruwe kushukuru, ila Tiarma hakula, alisimama mlangoni akasema, "Ewe ukuta, mwambie baba ipo saratani ya tezi dume, adimu na kali, isiyopandisha namba, arudi akatolewe kinyama kipimwe," naye kaka, mdomo umejaa, akajibu, "Ukuta, mwambie aongeze pilipili," tukacheka, Mungu atusamehe, na mimi nilicheka kuliko wote.

Miezi mitano ikapita. Tarehe 20 Septemba, kule hospitali ya Medan, madaktari wakakuta ni saratani hiyo hiyo, imeshafika kwenye ini na uti wa mgongo, wakamtundikia dripu za dawa mizunguko sita, uvimbe ukanywea, tukaanza kupumua, kumbe Machi ukarudi kwa kasi, na hapo ndipo nilipoiona hofu kwa mtu ambaye sikuwahi kumwona akiogopa, daktari akiingia tu kaka anashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

Tarehe 2 Juni 2023 alimtazama mkamwana usoni, mbele yetu sote, akasema, "Tiarma, mwanangu, naogopa, usitoke." Hakutoka. Kesho yake saa nne asubuhi kaka akafariki.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliopika, na mafundi wenzake mliombeba. Lipo jambo ambalo halimo kwenye karatasi, mimi nami mkojo unanisumbua tangu Krismasi, na nimenyamaza. Tiarma, nakuambia wewe, siuambii ukuta, nipeleke hospitali kesho.

Kaka Bonar, pumzika, na amani uliyoikosa mwaka huu Mungu akupe.