Siku Niliyomwibia Hosidio

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Wewe Spurio, mwanangu wa kwanza, kaa mkono wangu wa kulia. Na wewe Volseya, binti yangu, weka chini hilo bakuli la uji, nilichokula kinatosha kwa safari niendayo. Sikilizeni, asiwepo wa kunikatiza, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kupima.

Mambo ya mashamba yameandikwa na mashahidi wametia mihuri yao. Mizeituni ya Reate ni ya Spurio, nyumba hii ni yenu nyote, na lile konde lenye chemchemi anakokaa mzee Tranio, mlisha kuku wa jeshi, msiliguse hata kwa kidole. Tangu utoto mnaniuliza mlisha kuku alipataje konde kama lile, nami huwa najibu kwa kukohoa. Leo nitajibu kwa maneno.

Nilikula kiapo cha jeshi nikiwa na miaka kumi na saba, kidevu kitupu, nikapanda cheo baada ya cheo, nikaamua kesi za watu, nikajenga mfereji mnaokunywa maji yake hadi leo, hata nilipofika miaka arobaini na mbili tukachaguliwa makonsuli, wakuu wawili wa Roma kwa mwaka ule, mimi na Numerio Hosidio. Tulipelekwa wote wawili kupigana na Waliguri huko milimani, na kwa desturi yetu tulipokezana amri ya jeshi, leo yake, kesho yangu. Asubuhi ya vita ilikuwa zamu yake. Tranio akawamwagia kuku watakatifu nafaka mbele ya hema la Hosidio, wakala kwa pupa hata punje zikawadondoka, ishara kwamba miungu inampa mwenye zamu ushindi, na Hosidio akacheka, akaniambia, "Aulo, hawa wana njaa kunishinda mimi. Kaa nyuma na vikosi vyako vya akiba, usije ukanipora sifa." Alikuwa akinitania tu. Kabla ya adhuhuri mshale ulimpata shingoni, akafa, lakini adui walikuwa wamekwisha vunjika. Mimi niliwafukuza waliokuwa wakikimbia, basi.

Jioni ile nikaliandikia barua Baraza la Wazee. Mkono haukutetemeka, wanangu, na hilo ndilo linaloniuma. Niliandika kwamba siku ilikuwa yangu na kuku walikula kwa jina langu, kwa sababu kwetu ushindi ni wa mwenye siku, mwingine hana chake. Askari walikuwa na nyara zao, nani angeuliza zamu ilikuwa ya nani? Tranio alijua, nikamziba mdomo kwa konde. Nikaingia Roma juu ya gari la farasi wanne, nimevaa joho la mshindi, la zambarau lenye nyota za dhahabu, na mjane wa Hosidio akasimama kizingitini pake na mtoto mchanga mikononi, akanitazama tu. Miaka ishirini na sita hajanisalimia. Nguo ya kuazima haisitiri matako, nami miaka yote hiyo nimetembea nikihisi upepo nyuma.

Sasa mazishi. Mwigizaji Dorseno atavaa usoni kinyago cha nta chenye sura yangu, atembee mbele ya jeneza pamoja na sura za babu zetu, kila mmoja na vazi la cheo chake. Ameshakuja mara mbili kunitazama ninavyotembea, fisi yule. Mwambieni asizidishe kuchechemea, ni goti moja tu. Lakini joho la nyota asilivae. Mvikeni la konsuli, lile lenye upindo. Hilo nililipata kwa haki.

Umenong'ona, Spurio: "Baba, si ungengoja mwezi mmoja?" Nimesikia, kilichokufa ni goti, masikio bado. Najua uchaguzi ni mwezi ujao, na mpinzani wako ni yuleyule mtoto mchanga wa Hosidio, na mji ukiliona lile joho likipita, kura ni zako. Mwezi huo sina, mwanangu. Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukishindwa, utakuwa umeshindwa wewe mwenyewe, na ukishinda vivyo hivyo; mimi raha hiyo sikuwahi kuijua.

Volseya, ufunguo wa sanduku uko chini ya mto. Joho mpelekee mjane kwa mkono wako, usimtume mtumwa. Akikufungia mlango, liache kizingitini. Nawe Spurio, utakapopanda jukwaani kunisifu, anza na maneno matano: siku ile ilikuwa ya Hosidio. Baada ya hapo nisifu upendavyo, mfereji ni mzuri.

Miungu ya jiko letu iwalinde... mpendane, msigawane nyumba... Miguu imepoa. Spurio, ni mwana anayeipokea kwa mdomo wake pumzi ya mwisho ya baba. Yangu imefika kooni. Sitaki... iingie katika mdomo unaoficha nilichokificha. Yaseme kwanza, yale matano.

Sijasikia.

Polepole, mwanangu... Ndiyo. Tena, dada yako asikie... Vyema.

Sasa inama.