Mliniita Papa Esta Huku Mkinipa Kalamu

Bwana asifiwe! Hapana, hiyo amina ni ya watu waliolala. Bwana asifiwe! Ndugu zangu, leo nashuhudia nikiwa na hasira. Nimeiombea hasira hiyo, na bado ipo.

Mnanijua. Nilitoka Uvira kupitia kambini, naishi hapa Uswidi, Norsborg hii hii, nasafisha treni. Mama Esta na mimi tuliachana, akapata kazi Oslo, akahama na binti yetu. Simlaumu. Kila likizo ya shule nilimfuata Esta, nikaja naye hapa. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiswidi, tunaelewana.

Kisha Mama Esta akaolewa na mtumishi wa Mungu huko. Mtumishi akataka Esta awe wake kabisa, kwa jina na kwa sheria. Ili iwezekane, mimi niachie haki zote za ubaba. Sababu? Ati wazazi tunaishi nchi mbili! Ati baba wa mbali ni usumbufu, pasipoti ikihitajika lazima nitafutwe!

Lakini ndugu zangu, kilichoniuma si Oslo. Ni ninyi! Ndiyo, wazee wa ushirika huu. Mjumbe wenu alipoleta karatasi kutoka Oslo, mliketi kikao nyumbani kwa Mzee Byamungu, mkaniita mwisho kama mshtakiwa. Mkanisomea kwamba Abrahamu alimtoa Isaka. Jamani! Abrahamu aliambiwa na Mungu, hakuambiwa na kikao! Na mwisho wa habari ile Isaka hakuchinjwa. Sehemu hiyo mliiruka.

"Papa Esta," Mzee akasema, "mtu wa Mungu hagombanii mtoto. Saini, amani iwepo."

Nilichoka. Sisi tumelelewa hivi: wazee wakishasema, wewe ni nani tena? Nikashika kalamu.

Hapo Mama Byamungu akatokeza kichwa kutoka jikoni, wala hajui tunazungumza nini. "Papa Esta, bugali iko tayari. Kuya unawe!"

Mungu wangu! Papa nani? Tangu binti yangu azaliwe, hakuna kati yenu aliyeniita jina lingine. Nusu yenu hamjui hata jina langu la ubatizo! Je, nikisaini, Jumapili mtaniitaje? Mdomo unanipa mtoto, mkono unaninyang'anya! Nikaweka kalamu chini. Nikasema, "Wazee wangu, nawaheshimu, lakini sisaini." Nikanawa, nikala bugali, maana Mama Byamungu hakuwa na kosa.

Mkasema nina kiburi, mkaniondoa kwenye kwaya. Haya! Nikaenda mwenyewe familjerätten, ile ofisi ya manispaa ya mambo ya wazazi na watoto. Mama niliyemkuta, ambaye sidhani kama anasali popote, akaniuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?" Katika kikao chenu chote hakuna aliyeniuliza hivyo! Akaniambia hakuna wa kunilazimisha kusaini, na kukaa nchi nyingine hakumwondoi mtu kwenye ubaba. Nililia mbele yake bila haya.

Nikampigia Mama Esta, safari hii bila mjumbe. Akasema, "Papa Esta, mimi niliambiwa wewe ndiye umemchoka mtoto."

Nani alimwambia? Anajijua, na amekaa humu ndani. Nimemsamehe, lakini aniangalie usoni.

Tulipatana siku ileile. Shule ni Oslo, likizo ni kwangu, na jina lake halibadiliki. Asante, Yesu! Uliniokoa kwa sauti ya mama aliyeshika mwiko.

Ndugu yangu mwenye mtoto ng'ambo ya mpaka, nawe umewekewa kalamu mbele yako, usisaini kwa aibu ya kikao. Mtumaini Bwana, na uulize mwenyewe. Mungu hachoki na watoto wake, wala hataki wewe uwachoke wako.

Esta yuko pale nyuma, karibu na dirisha. Mwanangu, simama wakuone.

"Pappa, sluta!"

Mmesikia? Anasema niache, namwaibisha. Haya, naacha. Lakini mmesikia ameniita nani!